Herufi Moja Juu ya Mnazi

Kati ya kuangua na kuanguka kuna herufi moja tu, na kazi yote ya mkwezi imo humo.

Nilikulia Pangani. Jirani yetu, mzee mmoja mwembamba, alikuwa akikwea minazi ya watu kwa ujira. Nikiwa na miaka kama 7 nilisimama mbali kidogo, kama nilivyoamriwa, nazi ya kwanza ikashuka ikapiga mchanga tifu. Nikapiga kelele: "Babu, imeanguka!" Sauti ikanijibu kutoka kwenye makuti: "Haikuanguka, mjukuu wangu. Nimeiangua."

Nilidhani ananichezea maneno. Kumbe alikuwa akidai haki yake, na lugha iko upande wake. Picha tunaiangika ukutani, tukiitoa, tumeiangua. Ndivyo tunavyoanika nguo na kuzianua, tunavyofunika chungu na kukifunua. Kwa hiyo kuanguka, nionavyo mimi, hakuanzii chini kwenye kishindo. Kunaanzia juu, pale kitu kinapoachana na kilichokiangika. Hata kicheko huanguliwa, kwa kuwa kilikuwa kimezuiwa kifuani.

Neno kuanguka lina wenzake, na kila mmoja ana kazi yake. Majani hupukutika, udongo wa mlimani huporomoka, aliyeingia kisimani bila kutaka ametumbukia. Siku hizi Dar es Salaam mtu akijikwaa, watu husema kadondoka. Sina ugomvi nao, ila katika kudondoka sikio langu bado husikia matone. Anguka lenyewe halisemi kitu kimetua wapi, ndiyo maana tukalipa wasaidizi: tifu mchangani, tapwi topeni, chubwi majini, pa sakafuni. Mzee hakuhitaji kutazama chini. Alisikiliza tu, akajua nazi imelala wapi.

Lakini ilibidi kwanza afike juu. Mnazi mrefu hufika mita 20 hadi 30. Yeye alitia miguu kwenye kitanzi cha kamba ya usumba, kamba iliyotokana na mnazi wenyewe, na penye vidato vilivyochongwa shinani akapumzisha nyayo. Kidato ni neno lile lile tunalohesabia madarasa ya sekondari, na kila nikilisikia shuleni huona kovu kwenye shina la mnazi. Kileleni alishika kuti bichi, kamwe si kavu. Kuti kavu limekwisha kuachana na mti, linasubiri mkono wa kusafiri nao.

Hapo ndipo penye elimu. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na tunda huchukua kama mwaka mzima kukomaa. Kwa hiyo juu ya mti mmoja kuna upunga, vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi, ukoo mzima umeangikwa pamoja. Mzee aligonga kwa mgongo wa panga, akainamisha kichwa. Nazi iliyokomaa ukiitikisa maji hucheza ndani. Dafu limejaa, haliitiki. Aliyeagizwa nazi akashusha koroma ameharibu mavuno ya mtu, na hakuna namna ya kulirudisha.

Nazi aliizungusha mpaka kikonyo kikakatika, akaita watu waondoke, akaiachia. Kutoka mita 20 haikai hewani zaidi ya sekunde 2 hivi. Aliyechelewa kusikia hana muda wa kutazama juu. Madafu hakuyaachia kabisa. Kole zima alilifunga kamba akaliteremsha taratibu, kamba ikimpita kiganjani, mpaka mikono ya chini ikalipokea. Nilikipenda kimya kile kuliko vishindo vyote.

Magoti yalipomkataa akaacha kukwea, lakini baraza yake ilibaki pale pale chini ya minazi. Usiku mmoja wa kusi tulikuwa tumekaa naye, taa imezimwa, upepo unayachana makuti. Tukasikia kitu kimekatika juu, kisha tifu, upande wa kisimani. Mzee aliinua kidole.

"Hiyo," akasema, "ndiyo iliyoanguka."

Asubuhi nikaenda kuitafuta. Nilimkuta amekwishafika, amechutama, anaigeuza taratibu mkononi, anakitazama kikonyo mahali kilipokatikia.