Wakili na Jambo la Mwenziwe

Mwaka 1966 wakili Mwingereza D. N. Pritt alitoa kitabu juu ya maisha yake, akakiita *The Defence Accuses*, yaani Utetezi Washitaki. Jina hilo lapendeza masikioni. Lakini jina la kitabu nalo ni hoja, na kila hoja yataka kupimwa.

Huko Kapenguria, Kenya, Pritt alimtetea Jomo Kenyatta na wenziwe watano. Mwaka 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 alikuja Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere, aliyeshitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali ya kikoloni katika *Sauti ya TANU*, gazeti la chama ambacho ofisi yake ilikuwa New Street, ukingoni mwa Kariakoo, mtaa uitwao sasa Lumumba. Pamoja naye walisimama mawakili wa hapa mjini, Rattansey na Jhaveri. Nyerere alionekana na hatia: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mwezi uliofuata uchaguzi ulianza, na TANU ikashinda.

Basi mwenye kuhesabu ushindi atasema kwamba kesi zote mbili zilishindwa. Mimi siafiki kipimo hicho, wala siafiki kile kilichomo katika jina la kitabu. Utetezi ukigeuka mashitaka, anayesema ni wakili, bali anayefungwa ni mteja. Lugha yetu yatufundisha vizuri zaidi: wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe, na jambo lile halipati kuwa lake. Swali la haki, basi, ni hili: je, baada ya hukumu mteja alibaki na jambo lake mikononi? Dar es Salaam alibaki nalo. Alitoka mahakamani akarudi kwa watu wake na kura zao. Kwa kipimo hiki kesi ya 1958, ambayo haikuvuma duniani kama ile ya Kapenguria, ndiyo iliyozaa zaidi.

Hata hivyo liko doa moja, wala si la Pritt peke yake. Hoja zile zote zilitolewa kwa Kiingereza. Mtu wa Kariakoo asiyejua lugha hiyo, hata angeketi ndani ya mahakama, angepokea utetezi wa kiongozi wake kwa kinywa cha mkalimani. Ilipita miaka zaidi ya 60 hata sheria ya 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mshitakiwa asiyefahamu utetezi wake mwenyewe hajatetewa sawasawa, sembuse kumshitaki mtu. Sheria imekwisha fungua mlango. Wanafunzi wetu wa sheria na wa lugha ndio watakaoandika hoja ambazo mchuuzi wa sokoni, akisimama kizimbani, ataweza kusema: naam, haya ndiyo maneno yangu.