Ukungu wa Kioo

Wapo wanaoamini kwamba kila kioo kilichofifia kinangojea mkono wa kukisugua. Siafiki. Kwanza yafaa tuulize ukungu wenyewe umetokana na nini. Ikiwa ni chokaa ya maji iliyoganda kwenye bilauri, siki itauondoa na kioo kitabaki kama kilivyokuwa. Lakini ukungu wa vikombe na chupa za Kirumi zilizofukuliwa huko Siria na Palestina ni jambo jingine kabisa. Kioo kile kiliyeyushwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kikikaa karne nyingi katika udongo wenye unyevu, maji huyafyonza magadi polepole, na usoni hubaki tabaka nyembamba moja juu ya nyingine. Mwanga ukizipiga, ndipo tuonapo rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo hakuzitia fundi. Ni kioo kinachooza.

Baadhi ya wakusanyaji wa zamani waliukwangua utando huo ili wapate kioo safi. Nasema bila kusita kuwa waliharibu. Kung'arisha hakurudishi kilichopotea, hupunguza kilichobaki. Unga wa oksidi ya seriamu, ukichanganywa na maji, hula kioo mpaka uso wote ushuke kufikia kina cha mkwaruzo. Kwa kioo cha gari, ukisugua mahali pamoja pakabonyea, dereva huona barabara imepinda. Kwa chupa ya Kirumi hasara ni kubwa zaidi, kwani uso ule alioumaliza fundi, pamoja na alama za zana zake, umo ndani ya utando huohuo.

Je, tuviache vioze? La, viwekwe penye hewa isiyobadilika unyevu, basi.

Mmarekani Louis Comfort Tiffany alivutiwa na rangi hizo, akazitafutia njia kwa chumvi za madini, na mwaka 1894 akasajili jina Favrile. Ustadi wake naukubali. Vyombo vyake vyenye umbo la ua ni vizuri mno. Hata hivyo, vingi vyanichosha. Mng'ao wake umetanda sawasawa kama askari wa gwaride. Ule wa Kirumi umebanduka hapa, ukasalia pale, na kidole kizito kikiugusa hudondoka kama magamba ya samaki. Kwangu mimi huo ndio bora, na mwenye kitambaa na akae nao mbali.