Risasi Mbili za Steinbeck

Riwaya fupi ya John Steinbeck, Of Mice and Men, iliyotoka mwaka 1937, husifiwa kwa mada zake: urafiki, upweke, ndoto ya vibarua wa California ya kumiliki ardhi. Zote zimo. Lakini mwandishi mwingine angezihutubia kurasa nzima, ilhali Steinbeck alizijengea jukwaa. Sura ni 6, na tunazunguka mahali 4 tu: kando ya mto Salinas, bweni la vibarua, chumba cha mtunza farasi na ghala la nyasi. Msimulizi anaona na kusikia. Vichwani mwa watu haingii. Mwaka huohuo kitabu kilichezwa kama tamthilia New York.

Kazi kubwa imefanyika sura ya 3. Mzee Candy, mfagiaji aliyekatika mkono akifanya kazi shambani, ana mbwa mkongwe, asiye na meno, anayenuka. Kibarua mwenzake, Carlson, anataka auawe, na anaonyesha hadi pa kulenga: kisogoni, asihisi kitu. Candy anamgeukia Slim, ambaye neno lake bwenini ndilo la mwisho. Slim anaafiki. Carlson anamtoa mbwa nje na bastola yake, na hapo Steinbeck anakawia makusudi. Karata zinachanganywa. Mtu anaanzisha mazungumzo, yanakatika. Chini ya sakafu kitu kinatafuna. Risasi inalia, na Candy anageukia ukuta. Hatuambiwi popote kwamba asiyefaa tena kwa kazi hana nafasi pale. Mzee wa mkono mmoja ameshaelewa.

Ndiyo maana, usiku huohuo, akiwasikia vibarua wawili marafiki, George na Lennie, wakizungumzia shamba lao la kufikirika, anajitia na fedha zake. Bei ni dola 600. Yeye ataweza kutoa 350, na humo 250 ni fidia ya mkono. Hadithi iliyokuwa ya kumtuliza Lennie imepata hesabu, na fungu kubwa la hesabu hiyo limelipwa kwa kiungo cha mtu. Sijui riwaya nyingi zilizobana uzee, ukata na matumaini ndani ya jumla moja namna hiyo.

Kisha Candy anamnong'oneza George kwamba mbwa wake angemwua mwenyewe, asimwachie mgeni. Katika sura ya mwisho George anaishika bastola ileile ya Carlson, na anamlenga Lennie palepale kisogoni. Msomaji hahitaji kuelezwa kwa nini, alishafundishwa.

Si kila kitu kimekaa sawa. Crooks, mtunza farasi Mweusi anayelazwa peke yake, anavutiwa na ndoto hiyo ya shamba kidogo tu kabla ya kitisho cha mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba, kumrudisha alikokuwa. Tukio ni kali, ila Crooks analipata mara moja tu, kisha anasahauliwa. Mke huyo naye hana hata jina. Na yule sungura mkubwa anayemsemesha Lennie mwishoni anavunja kanuni ya kitabu chenyewe, kwani ghafla tumo kichwani mwa mtu. Ningemfuta.

Mwalimu anayekisomesha kitabu hiki asianze na orodha ya mada. Awasomee wanafunzi kwa sauti ule muda wa kungoja risasi ya kwanza, kisha awaulize nani bwenini alikuwa anaogopa nini.