Kutoka Marisau hadi Raifo: Ugumu Uko Mdomoni mwa Mtutu

Watu wakisikia kwamba fundi amechukua bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ile shotgani inayokunjwa katikati, akaigeuza raifo ya kuwindia wanyama wakubwa, huuliza kwanza: haitampasukia usoni? Wana haki ya kuuliza, na hesabu ina jibu lake. Ila anayeifuatilia kazi hii hatua kwa hatua huona upesi kwamba kinachomtoa fundi jasho zaidi si nguvu ya chuma. Ni kuifanya mitutu miwili ipige mahali pamoja.

Raifo ya mitutu miwili hubebwa kwa ajili ya risasi ya pili. Mwindaji aliyemjeruhi mbogo, kisha mbogo akamgeukia kutoka kichakani, hana muda wa kuvuta komeo na kulirudisha. Silaha hii ina mitambo miwili na vifyatulio viwili, kila upande ukijitegemea. Mmoja ukigoma, wa pili bado uko tayari. Kikwazo ni bei. Zile za Uingereza, zinazotengenezwa kwa mkono na kampuni kama Holland & Holland, Rigby na Westley Richards, hazishikiki na mtu wa kipato cha kawaida. Bunduki ya marisau ya mitutu miwili ina mifupa ileile, yaani fremu, bawaba, makomeo, mitambo na vifyatulio, kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Huko Marekani wapo mafundi waliozama katika kazi ya kuigeuza, na wanayoyafanya yanafaa kuchambuliwa.

Undugu wa silaha hizi mbili ni wa damu. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley wa Westley Richards, Birmingham, walisajili mtambo sahili uliofichwa ndani ya fremu, nao ukatumika kwenye bunduki za marisau na raifo pia. Miaka 10 baadaye Kanali George Fosbery akaja na wazo lililonivutia siku zote: acha mtutu wa marisau uwe laini, ila sentimita chache za mwisho mdomoni zichongwe mifereji. Holland & Holland wakaiuza kwa jina la Paradox, bunduki iliyorusha marisau kwa ndege na risasi nzito kwa mnyama mkubwa kutoka mtutu uleule. Mambo yalibadilika mwaka 1898, Rigby alipotoa .450 Nitro Express iliyotumia kordaiti badala ya baruti nyeusi. Presha ikapanda, na fremu za raifo zikaanza kunenepa. Rais mstaafu Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, mizigoni mwake ilikuwamo raifo ya Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi kutoka kwa watu wa Uingereza.

Sasa hesabu. Kosa la kawaida ni kulinganisha presha peke yake. Risasi ya marisau ya geji 12 ina ukomo wa takriban megapaskali 79. Risasi ya .45-70, iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1873, inafika 193. Ukiishia hapo utasema haiwezekani kabisa. Lakini fremu haikutani na presha; inakutana na nguvu, na nguvu ni presha mara eneo la kitako cha ganda. Kitako cha geji 12 ni kipana, kipenyo chake kama milimita 20.5. Cha .45-70 hakizidi 13. Piga hesabu kwa kipimo cha nje cha ganda: geji 12 inasukuma ukuta wa fremu kwa nguvu ya tani 2.7 hivi, na .45-70 kwa tani 2.5. Risasi yenye presha zaidi ya maradufu inaipa fremu mzigo mdogo kidogo kuliko ule iliyoundwa kuubeba.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayochora mpaka. Risasi ya .30-06, ambayo ni ya kawaida kabisa duniani, ina megapaskali 414 na ingeisukuma fremu kwa karibu tani 4.7. Ile .470 Nitro Express ya kuwindia ndovu, yenye presha ya 270 na kitako kipana, inafika tani 4.6. Fremu ya marisau haikuandaliwa kwa mzigo huo. Haitapasuka lazima siku ya kwanza. Chuma kitaanza kuchoka pale kwenye kona, ukuta wa nyuma unapokutana na sakafu ya fremu, na ufa wa hapo hauonekani kwa macho mpaka umeshaenda mbali. Kwa hiyo mafundi makini hubaki na risasi za zamani za presha ya chini kama .45-70, na hata hapo wapo katika hatari moja: siku hizi .45-70 huuzwa pia kwa nguvu kubwa zaidi, kwa ajili ya raifo za kisasa zenye fremu ngumu. Boksi lina jina lilelile, ganda linaingia bila shida, na mzigo ni mwingine kabisa.

Nguvu ya fremu si usalama wa mitutu. Mitutu ya marisau ni myembamba na haiwezi kubeba presha ya raifo hata chembe, kwa hiyo hutolewa. Kinachobaki kwa kawaida ni kipande chake cha nyuma chenye ndoana zinazoshika bawaba na komeo, na mitutu mipya ya raifo huingizwa humo. Yapo pia mambo madogo yenye madhara makubwa. Pini za kugonga fataki katika bunduki ya marisau ni nene na matundu yake ni mapana. Presha ya raifo huweza kuisukuma fataki irudi ndani ya tundu, au kuitoboa, gesi ikamrudia mpigaji. Na teke la risasi nzito huweza kuutikisa mtambo wa pili ukafyatuka wenyewe. Risasi mbili kwa mpigo mmoja, begani, kwa silaha ya kilo 3 na kidogo wakati raifo halisi ya .470 ina karibu kilo 5: hilo si jambo la kuchukulia wepesi.

Kazi ngumu kuliko hayo yote inakuja baada ya mitutu kukaa mahali pake.

Ukidhani mitutu hiyo imelala sambamba, umekosea. Hukaribiana kuelekea mdomoni. Mtutu wa kulia uko kulia mwa mstari wa kati wa silaha, hivyo unapopiga, teke huizungusha bunduki kuelekea kulia na juu. Wa kushoto huizungusha kushoto na juu. Mzunguko huo huanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, katika muda wa kama milisekunde 2. Mitutu ingekuwa sambamba, risasi zingetawanyika kila moja upande wake. Fundi huielekeza ndani kwa kiasi kinachofuta msukumo wa teke, ili risasi zitoke na kwenda pamoja. Kiasi gani? Hutegemea uzito wa silaha, urefu wa mitutu, umbali kati yake, uzito wa risasi na mwendo wake. Hesabu humpa pa kuanzia tu. Fremu ya geji 12 huzidisha taabu, maana ni pana na huitenga mitutu mbali na mstari wa kati, ndiyo maana ya geji 20 hupendwa kwa risasi ndogo.

Bunduki ya marisau nayo hulinganishwa mitutu yake, lakini marisau husamehe: umbali wa mita 36 yametapakaa kwenye duara la sentimita 76, na kosa la sentimita kadhaa halimwokoi kanga. Raifo haisamehi. Tuseme mtutu una sentimita 60. Ukisogeza mdomo wake kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele, risasi inahama karibu milimita 17 kwenye mita 100. Ukiusogeza milimita 1, imehama sentimita 17. Na njia ya kusogeza ni ya kizamani: kabari ndogo ya chuma kati ya midomo miwili, iliyoshikwa kwa lehemu. Fundi anapiga kulia, anapiga kushoto, anaacha chuma kipoe, anarudia, anasoma karatasi ya shabaha. Risasi zikipishana, ya kulia ikipiga kushoto, mitutu imekaribiana mno. Anapasha moto, anaisogeza kabari, anasubiri kipoe, anarudi uwanjani. Kupoa hakurukwi, kwa sababu mtutu mmoja ukiwa moto na mwenzake baridi, hupindana na shabaha husema uongo. Kazi hii hula risasi na siku, na hakuna mashine inayomwondolea fundi subira hiyo.

Likishapatikana pigo, silaha imefungwa ndoa na risasi ile moja. Risasi yenye mwendo zaidi hutoka kabla bunduki haijazunguka vya kutosha, ikavuka upande wa pili. Ya polepole hutawanyika. Waingereza walilijua hilo kwa machungu ya joto: kordaiti hupandisha presha hali ya hewa ikiwa kali, ndiyo maana kampuni ya Kynoch ilitengeneza risasi za nchi za tropiki zenye baruti pungufu.

Hukumu yangu ni kwamba kazi hii inawezekana na ni ya heshima, kwa risasi ya presha ya chini, fremu nzima ya chuma bora, na fundi anayekubali kuilipa kwa muda. Ila isiishie mikononi mwake peke yake. Uingereza, silaha iliyobadilishwa hivyo hairuhusiwi kuuzwa mpaka ipite kwenye nyumba za majaribio za London au Birmingham, ile ya pili ikiwapo tangu 1813, ambako hupigwa kwa presha iliyozidi ya kawaida. Na kwetu, ambako Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na Tanzania inauruhusu kwa vibali, bunduki ni mali ya leseni. Wewe uliyerithi bunduki ya marisau ya babu, usiipeleke kwa mchomeleaji wa mtaani akakubadilishie mitutu. Itunze kama ilivyo, na ukitaka raifo, iombee kibali chake.