Mlio Masikioni: Istilahi za Taarifa ya Kila Siku ya Mgonjwa

Tinnitus ni hali ya mtu kusikia sauti ambayo haitoki nje. Aghalabu daktari hawezi kuisikia sauti hiyo. Hana budi kutegemea maneno ya mgonjwa. Kwa hiyo swali lenyewe ndilo kipimo, na mfasiri akikosea neno huwa ameharibu kipimo.

Katika miaka ya 2010 wataalamu wa Ulm na Regensburg, nchini Ujerumani, walibuni programu ya simu iitwayo TrackYourTinnitus. Programu hiyo ilikusudiwa kumwuliza mtumiaji, kwa nyakati asizozitazamia, kama anausikia mlio wakati huo huo, una nguvu kiasi gani, na unamsumbua kiasi gani. Sababu yake ni kwamba hali hii hubadilika kutwa, na kumbukumbu ya mtu haiaminiki. Hapa tunajadili jinsi maswali ya namna hii yanavyostahili kuulizwa kwa Kiswahili.

Kwanza ni jina la hali yenyewe. Wengine hupendelea "mvumo". Neno hili ni zuri, lakini ni finyu, kwani wagonjwa wengine husikia mluzi au kengele. "Uvumi" haufai kabisa, maana umekwisha kupewa habari zisizo na hakika. Tunapendekeza "mlio masikioni", kwa kuwa kila sauti ya aina hiyo hulia.

Pili, swali kama "Tatizo lako ni kubwa kiasi gani leo?" linachanganya mambo mawili: nguvu ya mlio na usumbufu wake. Mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2010 kuhusu tiba ya utambuzi na tabia hayakuona tofauti ya maana katika nguvu ya mlio, bali yaliona nafuu katika ubora wa maisha. Basi mgonjwa aliyeanza kulala vema, hali mlio uko vile vile, atajibu nini? Akijibu kwa kufikiria nguvu ya mlio, ataandikwa kuwa hakupata nafuu, na huenda tiba inayomfaa ikaachwa. Maswali hayo yatenganishwe: "Mlio una nguvu kiasi gani?" na "Mlio unakusumbua kiasi gani?"

Tatu ni wakati. Kiambishi -na- hubeba jambo linalotendeka sasa na pia, katika mazungumzo, jambo la mazoea. Aulizwaye "Unasikia mlio masikioni?" adhuhuri, naye husikia usiku tu, aweza kujibu "Ndiyo" bila kusema uongo. Jibu hilo litaingia katika hesabu ya adhuhuri. Hivyo "sasa hivi" si pambo, ni sehemu ya swali. Dodoso la Tinnitus Functional Index la mwaka 2012, kwa upande wake, huuliza juu ya wiki iliyopita; humo maneno "katika wiki iliyopita" yasiachwe.

Mwisho, "taarifa binafsi" katika ofisi zetu ni jina, umri na anwani. Mgonjwa akikuta maneno hayo kila asubuhi atadhani anasajiliwa upya. "Maelezo ya mgonjwa mwenyewe" ni marefu zaidi, lakini hayapotoshi.

Tunawashauri wafasiri wasiridhike na kulinganisha matini mbili mezani. Wawasomee maswali hayo watu wenye mlio masikioni, kisha wawaombe waeleze kwa maneno yao walichoulizwa.