Kitendawili Kisicho na Jawabu

Mchezo wa televisheni wa Denmark uitwao Forbrydelsen, uliotungwa na Søren Sveistrup mwaka 2007, ulifumbua mauaji ya msichana mmoja kwa sehemu 20. Wamarekani waliugeuza kuwa The Killing mwaka 2011. Sehemu 13 za kwanza zikaisha, na muuaji hakujulikana mpaka mwaka 2012.

Kosa la utungaji si kukawia. Mtega kitendawili ana haki ya kudai mji. Lakini akishapewa, hana budi kutoa jawabu. Watungaji hawa walipokea mji, wakatega kingine. Huzuni ya wazazi wa marehemu imeandikwa kwa ustadi. Bali washukiwa huletwa na kuondolewa pasipo kubadili hadithi. Fumbo lisilosimama juu ya tabia za watu ni hila tu, wala hila haibebi sehemu 26.