Reli ya Isiro: foto zinasema nusu

Bandugu, kila mara kuna mutu anatuma kwenye grupu foto za reli ya zamani ya Isiro: lokomotivu yenye kutu, majani juu ya chuma, na chini yake maneno yale yale: "Zamani kulikuwa muzuri." Nilizipenda sana foto hizo, mpaka siku nilipoifuata reli ile kwa miguu, tangu kituo cha treni mpaka nje ya mji. Niliporudi Bunia, sikuweza tena kuweka "j'aime".

Chuma chenyewe kinasema. Upana wa njia ni sentimita 60 tu. Hatua moja na umeivuka. Kampuni ya Vicicongo ilianza kuijenga 1924, ikafika Mungbere 1937. Ukiifuata upande wa magharibi, inakupeleka Aketi, kwenye bandari ya mto Itimbiri. Pale mzigo ulipanda mashua kuelekea Kinshasa, halafu bahari. Mzigo gani? Kwanza pamba, ile ambayo babu zetu walilazimishwa kulima. Bunia treni haikufika hata siku moja. Kutoka Mungbere, vitu vya kuja kwetu vilipanda kamio.

Basi tuseme ilikuwa mbaya, tusahau? Hapana. Kando ya reli nilimukuta muzee mumoja anachunga mbuzi. Nikamuuliza: "Muzee, treni ilikuwa muzuri?" Akacheka kwanza.

"Mutoto yangu, baba alilima pamba kwa fimbo. Lakini mimi, treni ilipokufa, kahawa yangu ilibakia kwa nyumba."

Hapo ndipo foto zinashindwa. Zinaonyesha lokomotivu, hazionyeshi fimbo. Zinaonyesha majani, hazionyeshi magunia ya kahawa yaliyokosa njia. Na vijana waliopita karibu yangu, wakisukuma kinga zilizojaa bidoni za mawese, hakuna foto hata moja iliyowachukua. Na wao ndio treni ya leo.

Sisi wenye diploma tunapenda kulilia reli na barabara. Tulie, lakini tuulize pia: itabeba nini, mali ya nani, kwenda wapi? Njia inaweza kupita mbele ya mulango wako bila kukujengea kitu, na siku inapokufa, wewe ndiye unabaki na hasara.

Kwa hiyo, ndugu, ukituma tena foto ya reli ya Isiro, tuma. Ila chini yake andika jina la mzigo.